Kiti cha moto katika jipu ya zamani: kitengenezwe kabisa ao kikatwe kabisa



Katika ukurasa huu tumezoea kusema juu ya kofia, viatu, miwani na vumbi. Leo nataka kusema juu ya kiti cha motokari. Ninasema juu ya jipu ya zamani, ile mtu anayoinunua kwa pesa yake baada ya kuweka akiba miaka mingi, iliyotoka Ulaya, yenye kidude cha kubonyeza ili kiti kipate moto. Wengine watacheka na kusema hayo ni mambo ya watajiri. Wacheke, lakini wasome mpaka mwisho. Kiti hicho kikiharibika kinaweza kuchoma ngozi ya mtu bila yeye kusikia, na kinaweza kuunguza motokari nzima.

Maoni yangu ninayatoa tangu sasa. Kiti cha moto chenye kosa kina njia mbili tu: kitengenezwe kabisa, ao kikatwe kabisa. Njia ya tatu, ile ya kuungaunga waya ili kiwake tu, tuiache. Nitaeleza sababu.

Kwa nini viti hivi viko kwetu

Viti hivi vilianza katika inchi za baridi kali. Mwanzo wa miaka ya 1970 kampuni Saab ya Uswidi ilianza kuweka katika motokari zake kiti cha shofere kinachopashwa moto na umeme. Baadaye watengenezaji wengine walifuata, na jipu nyingi za bei kubwa zikapata viti hivyo: Range Rover, Land Rover Discovery, Jeep Grand Cherokee, Mercedes na nyingine. Jipu hizo zikizeeka kule, zinauzwa, zinapanda meli, zinafika kwetu. Mnunuzi anatazama motere, anatazama magurudumu, anapiga chasi kwa ngumi. Chini ya kiti hatazami.

Kuna wanaosema: “Sisi watu wa jua, kiti cha moto cha kazi gani?” Wanaosema hivyo hawatoki nyumbani mapema. Lubumbashi iko karibu mita 1,200 juu ya bahari, na Kolwezi iko zaidi ya mita 1,400. Mwezi wa 6 na wa 7, usiku, baridi inashuka chini ya digri 10. Mtu anayeanza kazi saa kumi na mbili ya asubuhi, mwenye mgongo uliochoka kwa kutikiswa na mashini, anakaa kwenye kiti cha ngozi kilicholala nje usiku kucha. Akibonyeza kile kidude anafurahi, na mimi simlaumu. Hata hivyo, kwa sababu tunakitumia miezi michache tu, tunasahau kwamba kipo, na kosa lake linakaa limefichika mwaka mzima. Mtoto akigusa kidude mchana wa mwezi wa 10, jua likiwa kali, nani atajua kwamba moto unaotoka chini ni wa umeme?

Namna kiti kinavyopata moto

Ukifungua ngozi ya kiti utakuta kitu kama mkeka mwembamba wenye waya mrefu uliopindwapindwa. Umeme wa betri unapita ndani ya waya huo, waya unapata moto, kama pasi ya umeme. Mara nyingi mkeka mmoja uko chini na mwingine uko kwenye mgongo wa kiti. Kwenye mkeka kuna kifaa kinachopima moto, termostati ao kifaa kingine cha namna hiyo. Moto ukifika mahali pake, umeme unakatwa. Ukipoa, umeme unarudi. Njiani kuna kidude cha kubonyeza, rele na fizibli.

Waya hukatika kwa sababu za kila siku. Mtu anapiga goti juu ya kiti ili afikie mzigo wa nyuma. Mwingine anaweka sanduku la vifaa. Kila anayeingia katika jipu ndefu anakokota paja palepale pembeni, miaka ishirini. Tena kuna maji: mlango hauzibi vizuri, mvua za mwezi wa 1 zinaingia, sakafu inalowa, na prizi iliyo chini ya kiti inashika kutu ya kijani. Sisi watu wa shaba tunaijua kutu hiyo vizuri.

Waya ukikatika pale ambapo haukugusani tena, kiti kinakufa na kubaki baridi. Hapo hakuna hatari kubwa. Hatari iko pale ambapo waya uliokatika unagusana kidogo, unaachana, unagusana tena. Mahali hapo padogo panapata moto kuliko mkeka wote. Ndiyo sababu ya lile doa jeusi ao tundu dogo lililoungua tunaloliona katika viti vya jipu za zamani. Ukiona doa hilo, ao ukisikia harufu ya plastiki, kiti kimekwisha kukuambia neno lake.

Hesabu ambayo kila fundi anapaswa kuijua

Sasa tuje kwenye ile njia ya tatu. Mtu anafika garaji na kusema: “Fundi, fanya tu kiwake, baridi imeanza.” Fundi anajibu: “Papa, hakuna shida, rudi saa kumi.” Anafungua kiti, anakuta sehemu moja ya mkeka imekufa. Mkeka mpya hauko. Anaruka sehemu iliyokufa, anaunga waya kwenye nusu iliyo nzima. Kiti kinawaka, tena kinawaka upesi kuliko zamani. Mwenye motokari anashukuru, analipa, anaenda.

Tufanye hesabu pamoja. Tuchukue mkeka wenye omu 2.4. Kwa betri ya volti 12 unapitisha ampeeri 5, na moto wake ni wati 60, uliotandazwa kwenye mkeka wote. Ukiacha nusu ya waya, omu zinabaki 1.2. Ampeeri zinakuwa 10, na wati zinakuwa 120. Hizo wati 120 zote zinakaa kwenye nusu ya mahali. Kwa hiyo kila kipande cha waya uliobaki kinapata moto mara nne kuliko ule uliopangwa na watengenezaji. Mara nne, ndugu!

Kuna motokari ambamo mkeka wa chini na wa mgongo vimefuatana katika njia moja ya umeme. Humo mmoja ukifa yote miwili inapoa. Fundi akiruka mkeka uliokufa ili mwingine ufanye kazi peke yake, na kama yote miwili ilikuwa na omu sawasawa, hesabu ni ileile: mara nne.

Mtu atauliza: “Je, fizibli haitakatika?” Kama fizibli ni ya ampeeri 15, umeme wa ampeeri 10 utapita bila kuigusa. Fizibli iliwekwa kulinda nyaya, haikuwekwa kulinda paja la mtu. Na termostati? Inapima moto pale ilipo tu. Kama iko katika ile nusu iliyokufa, itaona baridi siku zote, na haitakata umeme kamwe. Kwa hiyo walinzi wote wawili wamelala, na mwenye nyumba anafikiri mlango umefungwa.

Baya zaidi ni kuondoa fizibli na kuweka kipande cha waya wa shaba mahali pake. Kazini mtu akifanya hivyo kwenye mashini tunamwita kwa mkubwa wake siku hiyohiyo. Kwa nini tunakubali jambo hilo katika motokari inayobeba bibi na watoto?

Ngozi inaungua namna gani

Watu wengi wanafikiri kuungua ni kazi ya miali ya moto ao maji yanayochemka. Sivyo. Katika miaka ya 1940 wachunguzi wa Marekani, Moritz na Henriques, walichunguza jambo hili, na mwaka 1947 walitoa matokeo ambayo yanatumika mpaka leo. Kitu cha digri 44 tu kikigusa ngozi karibu saa 6 kinaweza kuiunguza. Kwa digri 60 sekunde 5 zinatosha. Maana yake ni kwamba moto na saa vinafanya kazi pamoja. Kiti ambacho mkono unakiona “vuguvugu tu” kinaweza kumchoma mtu aliyekikalia safari nzima bila kuinuka.

Mtu mwenye afya ana mlinzi wake: anasikia moto, anasogea, anazima. Lakini si kila mtu anayekaa kwenye kiti cha mbele ana mlinzi huyo. Mwenye ugonjwa wa sukari wa miaka mingi anaweza kuwa na ganzi miguuni na mapajani, mishipa yake ya fahamu haileti habari tena. Aliyepooza upande mmoja, aliyeumia uti wa mgongo, aliyekunywa pombe nyingi akalala, aliyetoka kuchomwa sindano ya ganzi, mtoto mchanga, mzee dhaifu: wote hao wanaweza kukaa juu ya moto bila kusema kitu. Na tazameni: tukimpeleka mgonjwa hospitali, tunamweka wapi? Tunamweka kwenye kiti cha mbele, kile kizuri, na tunamwashia moto ili asisikie baridi.

Mzee mmoja mwenye ugonjwa wa sukari alikuja kwetu dispansari na lengelenge kubwa nyuma ya paja. Hakujua limetoka wapi. Alifikiri ni mdudu. Tulipouliza habari za siku zilizopita, mtoto wake alikumbuka safari ya asubuhi katika jipu yenye kiti cha moto kilichotengenezwa kienyeji. Kidonda kile kilichukua wiki nyingi kupona, kwa sababu ngozi ya mwenye sukari haijifungi upesi.

Jambo hili halikuanzia kwetu. Mwaka 2011 huko Marekani waganga wa watu walioungua, pamoja na watu wa usalama wa motokari, waliandikia ofisi ya serikali ya usalama barabarani. Walitaka viti hivi viwekewe mpaka wa moto, kwa sababu watu waliopooza miguu walikuwa wanaungua vibaya bila kusikia. Kama hayo yanatokea kwa viti vilivyotoka kiwandani, tutasema nini juu ya vile tunavyoungaunga chini ya mwembe?

Tena kuna moto wa kuunguza motokari. Sponji ya kiti ikishika moto inatoa moshi mweusi wenye sumu, hasa gesi ya kaboni na sianidi. Katika motokari iliyofungwa vioo kwa sababu ya baridi, mtu hana dakika nyingi.

Namna ya kutengeneza kabisa

Sipendi mtu asome hapa aseme mganga amekataza. Kiti kinaweza kutengenezwa vizuri, na mafundi wetu wana akili ya kutosha. Wanachokosa mara nyingi ni saa na pesa, kwa sababu sisi wenye motokari tunawakimbiza. Kazi nzuri inafuata njia hii:

1. Funguo itoke, waya wa betri ufunguliwe, na fundi angoje dakika kadhaa kabla ya kugusa prizi za chini ya kiti. Prizi za rangi ya manjano mara nyingi ni za mfuko wa hewa ao za mkaba unaojikaza wakati wa ajali. Hizo zisipimwe kwa chombo cha umeme, zinaweza kulipuka.

2. Fizibli itazamwe. Iwe ya ampeeri zilizoandikwa katika kitabu ao kwenye kifuniko cha sanduku la fizibli. Ikikatika mara mbili, kuna kosa mbele yake. Kuweka kubwa zaidi ni kulificha kosa.

3. Mkeka upimwe omu kwenye prizi yake. Kama chombo hakionyeshi njia, waya umekatika. Kama omu ni chache sana, waya umegusana. Nani atamwambia fundi hesabu nzuri ni ngapi, kama kitabu hakiko? Apime kiti cha upande wa pili, kama hicho kinafanya kazi vizuri. Viti viwili vya mbele kwa kawaida ni ndugu, omu zao zinafanana.

4. Apime tena kati ya waya wa mkeka na chuma cha kiti. Kama umeme unapita pale ambapo haupaswi, ganda la waya limetoboka.

5. Kutu ya prizi isafishwe. Waya uliokatika nje ya mkeka, kati ya prizi na mkeka, unaweza kuungwa vizuri, ulehemiwe na kuvikwa ganda. Lakini waya uliokatika ao kuungua ndani ya mkeka, mkeka wote ubadilishwe. Kuunga ndani ya mkeka kunaweka fundo gumu ambalo litakatika tena, na fundo hilo ndilo linaloungua.

6. Mkeka mpya uwe na termostati yake, uwe wa kipimo cha kiti hicho, usikunjwe wala kukatwa. Pete za waya zinazoshika ngozi ya kiti zisitoboe mkeka.

7. Mwisho kiti kipimwe moto. Fundi aweke termometri juu ya kiti, aifunike na blanketi lililokunjwa, aweke mfuko mzito juu, aache kiti kiwake nusu saa motere ikizunguka, nje ya garaji. Mganga mmoja wa Marekani aliyeshughulika na walioungua alishauri mpaka uwe karibu digri 41. Kiti kinachopita hapo na kuendelea kupanda hakijatengenezwa. Termometri ya homa haifai kwa kazi hii, kwa sababu mara nyingi inaishia karibu digri 42. Tafuteni ile inayofika digri 60 ao zaidi.

Namna ya kukata kabisa

Kama mkeka mpya hauko, ao pesa haiko, si aibu kukata. Lakini kubonyeza kidude kizime hakutoshi, kwa sababu kidude chenyewe kinaweza kuharibika kikabaki kimefunga njia. Prizi ya mkeka itolewe chini ya kiti, mdomo wake uvikwe utepe wa umeme, ufungwe mbali na chuma kinachotembea. Kisha karatasi iwekwe katika motokari: “Moto wa kiti umekatwa”, pamoja na tarehe. Siku utakapoiuza, mnunuzi atajua, wala fundi wake hatacheza nayo gizani. Kwa baridi ya asubuhi, blanketi juu ya kiti inatosha.

Neno kwa wenye maumivu ya mgongo

Ninajua wengi wenu mnapenda kiti hicho kwa ajili ya mgongo. Ni kweli, moto kidogo unalegeza nyama zilizokaza. Lakini hauponyeshi mgongo. Kama maumivu yanashuka mpaka mguuni, kama mguu una ganzi, usikae juu ya moto, njoo dispansari. Ganzi hiyo ndiyo inayokunyima kusikia kwamba unaungua. Na ukiona ngozi ya mapaja ao ya mgongo inapata mistari myekundu ao ya kahawia kama wavu, acha kiti cha moto na uje tukuone. Ni alama ya moto uliozidi siku nyingi.

Mtu akiungua kwa kiti, miminieni maji safi ya baridi yanayotembea kwa dakika 20. Msipake dawa ya meno, mafuta, udongo wala majivu. Msitoboe malengelenge. Funikeni na kitambaa safi, mje. Kidonda cheupe ao cheusi kisichouma ndicho kibaya zaidi, kwa sababu moto umefika chini. Mwenye sukari aje hata kama kidonda ni kidogo kama kifungo.

Moshi ukitoka kwenye kiti: simamisha, zima, toa watu wote, kisha fungua waya wa betri kama unaweza kuufikia bila hatari. Tumia kizimamoto cha unga. Moto ukishika sponji, acha jipu iungue, kaa mbali.

Ombi langu

Kila mwaka kabla ya mwezi wa 6 tunafanya mikutano ya usalama. Ninaomba katika mkutano mmoja fundi wa umeme aje na chombo chake cha kupimia, apime kiti kimoja mbele ya watu, kwa dakika kumi tu. Mtu aliyeona kwa macho hatasahau. Na wewe mwenye motokari, ukimpelekea fundi kazi, mwulize maneno matatu: “Umeruka waya wowote? Fizibli ni ya ampeeri ngapi? Umepima moto?” Kisha mpe saa ya kujibu kwa kazi, na umlipe kwa kazi hiyo.

Tunavaa kofia na viatu vya chuma saa nane kwa siku ili turudi nyumbani wazima. Tusikubali kuumizwa njiani na kiti chetu wenyewe. Nendeni leo mkatazame chini ya viti vyenu.

Msaidizi wa mganga